Mzee Futi na Mstari wa Nyuma

Jina lake halisi walilijua mkewe na watu wa ofisi za serikali. Wengine wote walimwita Mzee Futi, kwa sababu ya ile futi kamba ya manjano iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima, hata akiwa mezani anakula, hata siku ya harusi ya bintiye, mpaka mkewe akamvua hiyo futi mbele ya wageni. Alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa kukunja, vyerehani viwili, meza ya kukatia, na pembeni ubao wa pasi ambao ulikuwa milki ya mama watoto. Yeye alikata na kushona. Mkewe alipiga pasi, alitia vifungo, na alibishana na wateja wanaoleta suruali walizonunua enzi za wembamba wao wakidai eti zimesinyaa zilipofuliwa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ukumbi wa michezo, na ukumbi huo ndio uliomtia mzee wa watu kwenye badminton, au mpira wa vinyoya kama wengine wanavyouita. Siku moja aliitwa kushona wavu uliochanika. Akaenda na sindano yake kubwa ya magunia, akakaa sakafuni akashona, na alipomaliza hakuondoka. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile. Kidude cha manyoya, chepesi kuliko kifungo, kinapigwa kwa raketi mpaka kinalia, kinaondoka kwa kasi ya kutisha, halafu huko angani kinabadili nia na kushuka taratibu kana kwamba hakuna aliyekigusa. Alirudi dukani jioni, kazi za watu zimelala, na mkewe akamuuliza kama wavu ulikuwa wa kuvulia nyangumi.

Hakucheza hata mara moja. Magoti yake hayakuwa ya shughuli hiyo. Ila kuna siku mwamuzi mmoja wa mstari hakutokea, wakamwambia akae yeye. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti pale konani, ukiutazama mstari kwa urefu wake, na kueleza kinyoya kimeanguka wapi. Kikianguka ndani au kikigusa mstari, unaunyooshea mstari mkono wa kulia, kimya. Kikianguka nje, unafungua mikono yote miwili na kutamka "nje" kwa sauti ya kufika jukwaani. Na kama hukuona, maana mchezaji anaweza kukukinga, unafunika macho kwa viganja vyote viwili, ili mwamuzi mkuu aliye kwenye kiti kirefu aamue mwenyewe. Utasema ni kazi ndogo. Mzee Futi aliipenda kupita kiasi. Dukani kila kitu kilikuwa na mjadala, bega lipunguzwe, pindo lishushwe, rangi si ile tuliyokubaliana. Pale kitini jambo lilikuwa ndani au nje, basi, na yeye ndiye aliyelisema.

Miaka ikapita, jina likakua. Wachezaji walibishana na waamuzi wengine, lakini wakiambiwa "Futi kasema" walirudi kwenye nafasi zao bila neno. Naye alikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko yote, kwamba hajawahi kufunika macho. Wenzake walipofunika, aliwatania wakati wa chai kuwa wamekaa kama watoto wanaohesabu ili wenzao wakajifiche. Nampenda mzee huyu, kwa hiyo naweza kusema wazi kwamba majivuno hayo yalimponza.

Maana macho yalianza kumwacha. Kwanza ukaja ukungu kuzunguka taa, kisha ukungu ukahamia kwenye nguo, kisha kwenye nyuso za watu waliosimama mlangoni. Akafanya wanavyofanya wanaume wengi, hakumwambia mtu. Alisogeza cherehani karibu na mlango akisema ndani kuna joto. Kuna wakati aliishona suruali nyeusi ya mkuu wa shule kwa uzi wa buluu, kazi nzuri kabisa ya kuchekesha. Alipotoka kwenda kula, mkewe aliifumua yote, akaishona upya kwa uzi mweusi, akaikunja na kuirudisha mahali pake. Mzee aliporudi aliishika, akaisifu kwamba imetoka safi. Mkewe akasema imetoka, akaendelea na pasi yake. Na kila asubuhi mzee alikuta sindano zake zote zimekwisha kutungwa uzi, zimechomekwa kwenye kimto kwa mpangilio. Alijiambia kwamba mama watoto ni mtu wa kupenda usafi.

Kitini hali ilikuwa mbaya zaidi. Hakukiona tena kinyoya kikigusa sakafu. Aliona weupe ukija, kisha hakuna kitu. Basi akaanza kuwatazama wachezaji badala ya kinyoya. Mchezaji anayejua kinyoya kinakwenda nje hulegeza mabega mapema na kushusha raketi. Mwenye wasiwasi hubaki amejikunja. Mzee Futi alikuwa amepima mabega ya watu maisha yake yote, na umbo la mtu aliliona hata kwenye ukungu, kwa hiyo aliyasoma mabega na kutamka, na mara nyingi alipatia. Mara nyingine hakupatia, lakini mechi za Jumamosi za vijana wa mtaani nani angehangaika nazo.

Ndipo ikaja michezo ya kanda. Timu za nchi jirani zikamiminika na mabasi yao, na mji ukajaa watu warefu waliovaa suti za michezo. Riadha ikapelekwa uwanja mkubwa, ngumi chuoni, na badminton ikaletwa kwenye ukumbi ule ule wa mkabala na duka. Waamuzi wa mistari wakagawiwa mashati meusi na beji za kifuani. Mzee Futi alilichunguza lake kwa vidole, akalitukana kola, akalishona upya. Mkewe naye alifunga duka mapema, akasema anataka kuiona kwa macho yake hiyo shughuli inayomla mume wake kila Jumamosi. Akachagua nafasi juu jukwaani, usawa kabisa wa mstari wa mumewe.

Matumaini ya wenyeji yalikuwa kwa binti mmoja ambaye siku za kawaida alisuka nywele saluni, na kwa hiyo mashabiki walimwita Msusi. Alijifunzia ukumbini humo tangu akiwa na sare za shule alizoshonewa na Mzee Futi. Nusu fainali alikutana na msichana mrefu wa timu ya wageni, mwenye bendeji gotini, asiyesema sana. Walicheza mpaka ukumbi ukawa unatweta pamoja nao. Seti ya tatu, mwisho mwisho, yule mrefu akakipiga kinyoya juu, mbali, kuelekea kona ya nyuma ya Msusi, pale alipokaa mzee. Msusi akarudi nyuma hatua chache, akasimama, mabega yakalegea, raketi ikashuka.

Mzee Futi akafungua mikono. "Nje."

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Asichojua mzee ni kwamba Msusi hakusimama kwa kuwa ameona kinyoya kinatoka. Alisimama kwa kuwa miguu ilikataa. Yule mrefu aliutazama mstari, akamtazama mzee, akafungua mdomo. Kocha wake akamwambia neno kutoka kwenye benchi, naye akaufunga. Pointi iliyofuata akaipoteza, na mechi ikaisha. Alipokuwa akitoka alipita mbele ya kile kiti, akainamisha kichwa kidogo kama alivyolelewa, akasema, "Asante, mzee."

Asante hiyo mzee alirudi nayo nyumbani.

Baada ya chakula cha jioni alikaa kitandani bila kuvua viatu. Mkewe alikuwa anakunja nguo alizoanua.

"Ulikaa wapi leo?" mzee akauliza.

"Pale juu, usawa wa mstari wako."

"Kile kinyoya cha yule binti mrefu. Kile cha kona."

"Ehe."

"Kilikuwa nje?"

Mkewe akalilainisha shati kwa kiganja, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. "Kilikuwa ndani, baba watoto. Ndani kabisa, si cha kubishania."

Alitazamia mumewe angejitetea, maana kujitetea alikuwa bingwa. Hakujitetea. Aliinamia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Mimi sioni vizuri siku hizi," akasema.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Kwani uzi kwenye sindano unajitunga wenyewe?"

Mzee akacheka, kicheko kikakatika njiani. Mkewe akaja akaketi karibu naye, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye taa. "Kuna weupe hapa kwenye mboni. Na huku pia. Huyu ni mtoto wa jicho, nimewaona wengi."

"Umri huu ndio tunapata mtoto mwingine."

"Tena kafanana na baba yake kwa ukaidi." Hakumwachia kidevu. "Hospitali wanamtoa, watu wanaona tena. Tutakwenda. Lakini kesho ni fainali. Kesho mwambie Mwalimu kwamba hukai."

"Nitamwambia."

"Utamwambia kweli?"

"Nimesema nitamwambia, mama watoto."

Na alikusudia kweli. Lakini aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kisu cha daktari peke yake. Akishasema mbele ya watu kwamba haoni, kiti kimekwenda, na lile "Futi kasema" limekwenda nacho. Na baada ya hapo nani atamletea kitambaa chake cha harusi fundi aliyetangaza mwenyewe kuwa haoni? Aliyageuza hayo kichwani mpaka mkewe akamwambia alale, kitanda kinatikisika kwa mawazo yake.

Mwalimu alikuwa mkuu wa waamuzi wa mistari, mama mfupi aliyestaafu ualimu lakini ualimu ukakataa kustaafu kwake. Asubuhi alikuwa mlangoni pa ukumbi na karatasi mkononi, watu wamemzunguka, kila mmoja ana shida. Mzee Futi akasogea. "Mwalimu, nilikuwa na neno."

"Na mimi nina neno, na langu ni zuri zaidi. Fainali ya wanawake, mstari wa nyuma, wewe. Nimewaambia wageni tuna mzee mmoja hapa, huyo akisema imekwisha. Wamekubali bila swali."

"Mwalimu, macho..."

"Macho yote yatakuwa kwako, ndiyo, kwa hiyo kaa wima." Akamrekebisha kola, akageukia mwenye shida mwingine.

Mzee alisimama pale kwa muda. Angeweza kumvuta mkono. Mimi ningekuwa karibu ningemvutia. Lakini kifua kilikuwa kimemjaa, na tuseme ukweli, kusifiwa mbele ya wageni ni kutamu. Akajiambia kwamba pengine hakitakuja kinyoya chochote cha utata upande wake, akaenda kukaa.

Kwa muda mrefu haukuja utata. Msusi alipambana na bingwa wa timu nyingine ya wageni, mwanamke mwenye mkono mzito, wakagawana seti, na katika ya tatu wakafukuzana pointi kwa pointi. Jukwaani mkewe alimwona ameketi kitini, akaziba mdomo kwa kiganja, hakumlaumu, akaanza tu kumwombea. Vinyoya vilivyofika kona ile vilikuwa vya wazi, mbali nje au mbali ndani, hata asiyeona aliviona.

Msusi akabakiza pointi moja achukue dhahabu. Mwenzake alikuwa nyuma yake kwa moja. Ukumbi wote ukasimama. Kinyoya kikaenda na kurudi, kikaenda na kurudi, kisha yule mwenye mkono mzito akakiinua juu sana, kikapotea kwenye mwanga wa taa, kikashuka kuelekea kona ya nyuma. Msusi akarudi, akasimama. Mabega yakalegea. Raketi ikashuka.

Kikalia sakafuni, kidogo tu.

"Nje," ukumbi ukasema wenyewe, watu wa jukwaani, wauza maji, kila mtu. Msusi alikuwa ameanza kupiga magoti. Mwamuzi mkuu akageuza kichwa kumtazama Mzee Futi, kwa sababu yeye alikuwa upande wa mbali na neno lilikuwa la mzee. Kilichotakiwa ni kufungua mikono tu. Huenda hata kilikuwa nje kweli. Mabega yalisema nje. Lakini mabega hayo hayo ndiyo yaliyosema nje jana, na mzee akaikumbuka ile asante.

Akainua mikono. Watu wakaanza kushangilia. Mikono ikapita mabegani, ikapanda, na viganja vyote viwili vikafunika macho.

Shangwe ikafa vipande vipande, hapa na pale, wengine wakichelewa kuelewa. Nyuma ya viganja vyake mzee hakuona chochote na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuhitaji kuona. Alikuwa analia. Hakuweza kuishusha mikono, maana wangeona.

"Mwamuzi wa mstari," mwamuzi mkuu akasema kwa upole, "nimekuelewa. Shusha mikono, mzee." Naye mwenyewe hakuwa ameona. "Irudiwe."

Ikarudiwa, Msusi akaipoteza. Akapoteza iliyofuata, na iliyofuata tena, na dhahabu ikaondoka na mwenye mkono mzito. Kutoka juu jukwaani mtu mmoja akauliza huyo mzee ametolewa wapi, na wengine wakacheka kicheko kibaya.

Msusi alipomaliza kupeana mikono alikuja mpaka kwenye kiti, taulo begani, jasho na machozi vimechanganyika. "Ungesema nje tu, babu," akasema polepole. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Ukumbi wote umesema nje."

"Ningesema, mwanangu, na nilikuwa sijaona."

"Wewe huoni? Jana si uliona?"

Mzee akavuta pumzi. Hapa ndipo palikuwa pagumu, pagumu kuliko kufunika macho. "Jana pia sikuona. Nilikutazama wewe. Jana kilikuwa ndani."

Msusi akaketi sakafuni karibu na miguu yake, akajifunika taulo usoni. Mzee akamwekea mkono kichwani, asijue kama anaruhusiwa, naye binti hakuuondoa. Baadaye, kutoka ndani ya taulo, akasema, "Kamwambie yule mrefu mwenyewe. Mimi siwezi kumtazama."

Kwa Mwalimu alikwenda kwanza, akasema yote, kwa kifupi na kwa sauti ya kutosha. Matokeo yalikwisha kutiwa saini, hakuna wa kuyafuta. Mwalimu akasema, "Asubuhi ulitaka kuniambia," na mzee akasema, "Nilitaka, sikutaka sana," na Mwalimu akamvua ile beji mwenyewe, taratibu, kama anavyovuliwa mtoto koti.

Katika mchezo huu wote wawili wanaoshindwa nusu fainali hupewa shaba, kwa hiyo yule msichana mrefu alikuwepo kwenye kutunukiwa. Ilipomalizika mzee akaelekea alipodhani yupo. Mkewe alikuwa ameshuka jukwaani, akamfuata kwa nyuma bila kumgusa. Mzee akasimama mbele ya kivuli kirefu chenye kitu kinachong'aa kifuani.

"Wewe ndiye wa jana? Wa bendeji?"

"Ndiye mimi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kile kinyoya chako cha kona kilikuwa ndani. Sikukiona. Nilisema nje bila kuona. Nimekuja kukwambia, kwa sababu hakuna kingine ninachoweza kukifanya."

Mzee akajiandaa kwa lolote, hata kwa kofi.

"Mimi nilikiona ndani," hatimaye msichana akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko urefu wake. "Nikataka kusema. Kocha akaniambia nyamaza, yule mzee hakosei. Nikarudi chumbani nikawaza, basi macho yangu ndiyo mabaya. Leo nimecheza mazoezi, kila kinyoya kikianguka namuuliza mwenzangu, ndani au nje? Nimeogopa kujiamini."

Hilo mzee hakuwa amelipiga hesabu. Alidhani ameiba mechi tu. "Macho yako ni mazima," akasema, akarudia. "Mazima kabisa, mwanangu. Usimuulize mtu."

Msichana akasogea. Akasogea tena, mpaka akawa karibu kiasi kwamba ukungu ulimwachia, na mzee akauona uso wake, bado mtoto kabisa, pua imechubuka, macho yamevimba, akijaribu kutabasamu. Akautazama vizuri kadiri alivyoweza. Msichana akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akauachia, akakimbilia basi lao.

Wazee wawili wakatoka kwa mlango wa mbele. Watu walikuwa wakiteremka ngazi pande zote mbili, baadhi wakimnyooshea kidole. Mzee akasimama juu kabisa. Maisha yake yote alikuwa ametembea mbele kidogo ya mkewe, wanavyotembea wanaume wa rika lake, na hata ukungu ulipokuja alibaki mbele, akipapasa kwa ncha ya kiatu na kujifanya anatafakari.

"Mama watoto."

"Nipo."

"Nishike mkono. Sizioni ngazi."

Mkewe hakusema kwamba alikuwa akingoja. Alikipenyeza kiganja chake kwenye cha mumewe, akavibana vidole, akateremka wa kwanza.

"Hii ya kwanza," akasema. "Weka mguu. Haya, hii nyingine."